Harusi ya shoga yangu iko Lamu, na mume wangu hataki nivuke Garsen

Shikamoo Somo,

Nakusoma tangu sijaolewa, na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi. Tafadhali usitoe jina langu. Malindi ni ndogo, na duka la dawa ninalouza wengi wanalijua.

Nina miaka 32, ni Mgiriama wa Kakuyuni, nina mume na watoto wawili. Mimi na shoga yangu ni chanda na pete tangu chuoni Mombasa, tulipokuwa tukilala chumba kimoja na kugawana hadi kipande cha sabuni. Yeye ni Mwislamu wa Lamu, sisi kwetu ni watu wa kanisa. Haijawahi kuwa tatizo. Ramadhani nilikuwa namkorogea uji wa futari, na Krismasi alikuwa anakuja Kakuyuni, mamangu anamchinjishia kuku kwa jirani Mwislamu ili ale bila wasiwasi.

Nilipofunga ndoa mwaka 2017, yeye ndiye aliyenisimamia kanisani. Shangazi zake walimkataza katakata, wakamwambia ataingiaje kanisani kusimamia ndoa. Alikuja. Alivaa gauni la zambarau kama wasichana wengine, akajifunga mtandio wa rangi hiyo hiyo, akasimama ubavuni mwangu mpaka mwisho. Picha ile iko ukutani kwetu. Siku hiyo nilimwambia, "Zamu yako ikifika nitakusimamia hata ikiwa mwezini."

Sasa zamu imefika. Harusi ni wikendi ya kwanza ya Desemba, kwao Lamu. Bwana harusi anafanya kazi Doha, na likizo yake ikiisha shoga yangu atamfuata karatasi zikiwa tayari. Nisipomwona sasa, sijui nitamwona lini. Bosi wangu kanipa ruhusa ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi niwe kaunta. Mchango nimeshatuma kwenye kundi la harusi. Sare nimeshona, gauni la kijani la shilingi 4,500, na liko kwa fundi mpaka leo kwa sababu sikuthubutu kulileta nyumbani.

Shida ni baba watoto. Nilipomwambia alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Lamu huendi." Nikauliza kwa nini. Akasema barabara ile si nzuri. Nikamwambia mabasi yanakwenda kila siku na watu wanarudi, lami imeshawekwa, mambo yamebadilika. Akasema, "Wewe barabara ile huijui." Mwaka 2014 alikuwa Mpeketoni, huko huko Lamu, kwa kazi ya ujenzi, akaondoka wakati wa yale mashambulizi, lakini hayo ni ya zamani na yeye mwenyewe hayazungumzii. Mimi naona ni kisingizio. Ukweli ni kwamba hampendi shoga yangu, tangu aliponishauri nisiache kazi nilipojifungua mtoto wa pili. Alisema yule mwanamke ananitia kiburi.

Si mtu mbaya, Somo. Hanipigi, halewi, jioni yuko nyumbani. Wenzake wakienda kutazama mpira vibandani yeye haendi, hata fainali anasikiliza kwa redio pale nje. Majirani wananiambia nimepata mume. Ila akishasema hapana, amesema.

Wiki iliyopita nililirudia jambo hili, tukagombana mpaka watoto wakaamka. Mwishowe akasema, "Kama ni lazima uende, nenda. Lakini watoto uwaage vizuri." Maneno hayo hayanitoki. Ni kama ananitishia kwamba nikienda nisirudi, au nitakuta ameshawapeleka watoto kwa mamake.

Dada yangu mkubwa anasema nisijisumbue, nimwambie nina semina ya kazi Mombasa, Ijumaa hadi Jumapili, basi. Sijawahi kumdanganya kwa jambo kubwa hivi, lakini sitakuficha, nimeshaanza kuipangia hesabu.

Nilipomdokezea shoga yangu kwamba huenda nisije, alinitumia ujumbe wa sauti analia. Anasema, "Mimi niligombana na ukoo mzima kwa ajili yako. Usipokuja siku yangu, usinijue tena."

Halafu mimi Lamu sijawahi kufika. Sijui nitavaa nini, nitalala wapi, nitasimama wapi kwenye nikahi, Mkristo peke yangu. Lakini hayo nitayamudu. Niambie tu: nimtii mume nimpoteze rafiki, au niende kwa rafiki nivunje nyumba?

Mwenye Deni, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniwekea mizani yenye vitanga viwili, mume huku na rafiki kule, ukaniomba niseme kipi kizito. Likiwekwa hivyo, kila jibu litakuumiza, kwa hivyo niruhusu nilifungue kidogo kabla hatujapima chochote.

Nianze na harusi yenyewe, maana umeipitia haraka kwa kusema utayamudu, na mimi naona nusu ya taabu yako imelala hapo. Umeahidi kumsimamia. Mwanangu, kwenye nikahi ya Kiislamu hakuna bibi harusi anayesimama mbele za watu, kwa hivyo hakuna pa kusimama ubavuni mwake. Nikahi Lamu hufungwa na wanaume, mara nyingi msikitini. Walii wa binti, babake au anayeshika nafasi yake, ndiye anayeozesha. Bibi harusi mwenyewe huwa nyumbani, ridhaa yake imeshaulizwa. Ukifika ukauliza usimame wapi, utaambiwa keti, chakula kinakuja.

Mambo ya wanawake yana siku zake. Kuna siku za kumtengeneza bibi harusi, anasingwa kwa singo, anapakwa hina mikono na miguu hadi karibu na magoti, na akishapakwa hawezi kushika hata kikombe cha maji mpaka ikauke. Hapo ndipo panapotakikana shoga wa kumnywesha, kumkuna mgongo, kumchekesha na kumsikiliza akisema anaogopa. Chumbani wanakuwa wachache. Halafu kuna kupamba, ambayo ndiyo watu wengi wanaiita harusi: ukumbi wa wanawake watupu, udi na asumini, dhahabu, simu zimeachwa mlangoni au zimekatazwa. Bibi harusi hutolewa usiku umeshakwenda, akaketishwa juu, macho chini, hasemi na mtu. Wewe na gauni lako la kijani mtakuwa katikati ya magauni mengi ya kijani. Utamwona vizuri sana. Yeye kukuona wewe, hilo ni jambo jingine.

Kila nyumba ina mpango wake, na siku hizi wengi wanafupisha au wanabadilisha utaratibu. Ndiyo maana nakuuliza: umeshamuuliza shoga yako ni siku gani hasa anakutaka? Katika barua yako yote sikuona umemuuliza. Umemwambia huenda usije, naye amelia. Baina ya kuja na kutokuja kuna maneno mengi ambayo hamjayasema.

Sasa tazama wikendi yako. Basi la Lamu linatoka Mombasa asubuhi, likupitie Malindi, kisha Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na hapo bado hujafika, unashuka na mzigo wako upande boti kwenda kisiwani. Ijumaa yako imekwisha. Kurudi, mabasi huondoka Mokowe asubuhi, kwa hivyo Jumapili ni kuvuka alfajiri. Kwa hiyo wikendi unayoigombania na mumeo ni Jumamosi moja. Sisemi Jumamosi moja haina thamani. Nasema uijue ni ya nini. Ikiwa kupamba ni Jumamosi usiku, utatoka ukumbini uende moja kwa moja kwenye boti bila kulala. Ikiwa hina ni Jumatano na kupamba ni Jumatatu, utafika katikati, kila mtu ana shughuli zake, ukae sebuleni na mabinamu usiowajua.

Hapo ndipo neno "kumsimamia" linapotaka kufikiriwa upya. Yeye alikulipia kwa namna ya kwenu, kanisani, na gharama yake aliibeba mbele ya shangazi zake. Wewe unataka kumlipa kwa namna ile ile, na namna ile kwao haipo. Kwa hiyo deni lako, ikiwa ni deni, utalilipa kwa kitu gani? Yeye ndiye anayejua.

Nije kwa mumeo, na hapa nitakwenda polepole.

Katika barua ndefu, Mpeketoni umeipa sentensi moja. Umesema ni ya zamani na ni kisingizio. Mistari michache baadaye, ukimsifu, umeandika kwamba haendi kutazama mpira vibandani, hata fainali anasikiliza redioni nje. Sijui kama unakumbuka, ulikuwa na miaka ishirini na kidogo: shambulio la Mpeketoni lilianza usiku wa Jumapili, Juni 15, 2014, wakati wa Kombe la Dunia, watu wamekusanyika kutazama mpira. Usiku ule na usiku uliofuata katika vijiji vya jirani, waliouawa walikuwa zaidi ya 60, na wengi wao ni wanaume. Mumeo alikuwa kijana wa mjengo pale pale.

Huenda nakosea. Huenda ni mtu asiyependa kelele za vibandani tu, na mimi nimeunganisha nyuzi zisizohusiana. Lakini nikiweka pamoja mpira, na kule kunyamaza kwake kabla hajajibu, na yale maneno "wewe barabara ile huijui", napata taabu kukiita kisingizio. Na barabara ile baada ya 2014 haikutulia mara moja. Kwa miaka mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi kwa msafara, na Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, kati ya Garsen na Witu. Hakuitunga barabara hii kichwani mwake.

Na wewe pia una haki. Watu wa Lamu, Witu na mji mdogo wa Hindi wanaipita barabara hiyo kwenda hospitali, kwenda chuo, kwenda kuuza samaki na kuoana. Lami imerahisisha mwendo, vizuizi vya polisi viko, na maelfu wamekwenda wakarudi salama. Mtu aliyekwama kwenye mwaka wa 2014 hawezi kukufungia wewe nusu ya pwani maisha yako yote. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana hamwezi kushindana kwa hoja. Ukimwambia lami imewekwa, humjibu. Yeye hazungumzii lami.

Tena sikatai kwamba hampendi shoga yako. Inawezekana kabisa. Mwanamke aliyekwambia usiache kazi, na hukuacha, mume atamkumbuka. Hofu na kinyongo vinaweza kukaa kwenye nyumba moja, na mwanaume akaona ni rahisi kutaja kinyongo kuliko kutaja hofu. Lakini angalia: kinyongo umekitaja wewe. Yeye, kwa maneno uliyoniandikia, alitaja barabara.

Halafu hilo la watoto uwaage vizuri. Wewe umelisikia kama tishio, na ulikuwepo, ulisikia sauti yake, mimi sikuwepo. Ikiwa amewahi kukutishia watoto kabla ya hapo, yaache ninayosema na uniandikie tena, hilo ni jambo la aina nyingine kabisa. Lakini ikiwa hajawahi, lisome tena. Mtu anayeamini kwamba anayepita barabara ile huenda asirudi, angesema nini? Nadhani angesema hivyo hivyo.

Ungeweza kumuuliza. Nasema ungeweza, kwa sababu si jambo dogo na lina hatari zake. Ukimuuliza usiku wa ugomvi ataona unamchimba upate ruhusa. Ukimuuliza ukiwa umeshapanga mfuko, vilevile. Kama utajaribu, chagua saa watoto wamelala na hamjagombana, umuulize Juni ile ilikuwaje, alilala wapi, alirudi vipi Malindi. Na usiitaje harusi jioni hiyo. Hata akilainika, usiitaje. Akiona swali lako lilikuwa na mkia wa Lamu, mlango ataufunga na pengine hataufungua tena. Anaweza kunyamaza vilevile, na hapo utakuwa umekula hasara ya kuuliza. Au anaweza kufunguka akatoa mambo mazito kuliko ulivyotarajia, ukajikuta unamshika mtu mzima anayetetemeka na hujui ufanye nini. Ikiwa hivyo, huna haja ya kuwa daktari wake. Msikilize, kisha mkatafute pamoja mtu aliyesomea, hospitalini au kupitia mchungaji wenu.

Semina ya Mombasa. Sikugombezi. Mtu akibanwa pande zote hutafuta upenyo, na dada yako anakupenda. Lakini tuipige hesabu hiyo uliyoanza, tuifikishe mwisho. Desemba mvua za vuli huwa hazijamalizika. Novemba 2023, Mto Tana ulipofurika wakati wa El Nino, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Gamba, abiria wakavushwa kwa boti. Si kila mwaka huwa vile. Lakini gari kuharibika Witu ni jambo la mwaka wowote. Jumapili jioni hujafika, Jumatatu kaunta haina mtu, bosi anampigia mumeo kuuliza uko wapi. Mumeo anasema yuko semina yenu. Bosi anasema semina ipi? Hapo mtu aliyetoka Mpeketoni na roho yake anajua kwa simu ya bosi kwamba mkewe yuko ng'ambo ya Garsen na hapatikani.

Hata ukirudi salama bila mtu kujua, kuna kundi la harusi lenye picha, kuna fundi, kuna Malindi uliyosema mwenyewe ni ndogo. Na kuna shoga yako. Leo mumeo anamwona kama mwanamke anayekutia kiburi. Siku atakapojua, atakuwa na ushahidi. Utakuwa umemwendea rafiki kwa njia itakayomfungia mlango wa nyumba yako. Pengine utaona inafaa, ikiwa huna namna nyingine kabisa. Mimi sijashawishika kwamba namna nyingine zimekwisha.

Zipo. Hakuna hata moja isiyo na bei.

Unaweza kwenda, mumeo akijua, hata kama hajapenda. Amesema nenda, kwa shingo upande. Hapo kazi yako ni kuipunguza hofu yake kwa vitu vya kushika. Watu wa upande wa shoga yako walioko Malindi na Mombasa lazima wanakwenda harusini, na huenda wanakodi gari la pamoja. Kusafiri na akina mama kumi unaowajua majina si sawa na kukaa peke yako dirishani. Unampa namba za wawili kati yao. Unampigia Garsen, Witu, Mokowe. Hatari ya njia hii ni kwamba atakaa siku tatu roho mkononi, na ukirudi unaweza kumkuta amekauka, msizungumze wiki nzima. Utavumilia? Yeye atavumilia?

Kuna ndege. Ndege ndogo za Lamu hutua Manda, unavuka kwa boti umeshafika mjini, na barabara yake yote umeiruka. Kwa mshahara wa kaunta najua hili ni neno zito, na sitaki ukope. Lakini nimelitaja kwa sababu moja: ukimuuliza, "Na nikienda kwa ndege?", jibu lake litakuonyesha kama tatizo ni barabara au ni shoga. Ni swali lenye makali hilo, ukilitumia kumtega litakukata mwenyewe. Lakini ukiuliza kwa nia safi, huenda hata yeye akajishangaa kwa jibu atakalolitoa.

Unaweza kumwomba aje nawe. Baadhi ya watu hurudi mahali pale wakapona kidogo, wengine hurudi wakaumia upya. Usimshawishi kwa hili hata kidogo. Likitoka kwake, sawa.

Na unaweza kutokwenda wikendi hiyo. Najua hukutaka nilitaje. Lakini kutokwenda harusini si lazima kuwe kutomwona. Kwa desturi ya Lamu mume ndiye huingia nyumbani kwa mke, si mke kupelekwa kwa wakwe, kwa hivyo baada ya harusi shoga yako atakuwa pale pale kwao, kwenye fungate lake, watu wameshaondoka, amechoka, na ana ya kusimulia. Safari ya Doha haitakuwa kesho yake. Karatasi za kumfuata mume huchukua muda, na akishuka kwa barabara kwenda Mombasa kuzifuatilia au kupanda ndege, hana njia nyingine ila kupita Malindi. Anaweza kulala kwenu. Mumeo atamkuta sebuleni, chini ya ile picha ya zambarau, na watalazimika kusalimiana. Hatari yake unaijua: shoga yako atalihesabu kama kumsusia, na siku ya harusi haina marudio.

Sasa yeye. Ule ujumbe wa sauti umekuchoma, na una haki ya kuchomwa. Lakini mtu aliyebakiwa na wiki chache aolewe, aende nchi asiyoijua na mume atakayekuwa kazini mchana kutwa, akimpigia shoga wake akasikia "huenda nisije", hulia, na akilia husema makubwa. Ningependa kujua ulimpa sababu gani. Ulimwambia mume hataki? Au ulimwambia mume wangu alikuwa Mpeketoni? Yeye ni mtoto wa Lamu. Mwaka 2014 baada ya mashambulizi, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku, na mji unaofanya harusi zake usiku ukafungiwa ndani. Biashara zilikufa, wageni walikimbia, na jamaa walianza kutazamana kwa shaka. Katika watu wote unaowajua, pengine hakuna atakayeielewa hofu ya mumeo haraka kuliko huyu unayefikiri mumeo anamchukia. Si lazima umwambie siri za nyumbani kwako, na ikiwa mumeo hajakuruhusu kuyasema hayo, usiyaseme yote. Lakini baina ya kusema yote na kusema "huenda nisije" pana nafasi.

Kisha muulize swali alilonalo yeye tu: "Nikipata siku moja nawe, ungependa iwe ipi?" Uwe tayari kwa jibu lolote. Anaweza kusema kupamba, kwa sababu anataka shangazi zake wakuone, wale waliomkataza mwaka 2017, wakuone umeketi mbele na kijani chako. Hiyo ni sababu yenye maana, na itabidi uiheshimu. Anaweza kusema hina. Anaweza kusema njoo wakati wowote kabla sijaondoka.

Fedha za mchango na gauni zisikusukume. Zimeshatoka, ukienda au usipokwenda, na gauni la kijani utalivaa Pasaka.

Sitakuambia uende au usiende. Wewe ndiye utakayelala na mwanaume yule na ndiye utakayeisikiliza tena sauti ile ya kilio. Ninachokuomba ni usiamue kwa kuwa siku zimekaribia na dada yako ana mpango tayari. Mazungumzo mawili yanakusubiri, moja la jioni nyumbani na jingine la simu, na ningeanza na la nyumbani.

Na ikiwa mwisho wa yote utakwenda: buibui utaazimwa, usinunue, na ukumbini chini yake ni gauni lako kama wenzako. Viatu viwe vya chini, mji hauna magari na vichochoro vina mavi ya punda. Usiku kiyoyozi usikitarajie, mtalala wengi kwenye magodoro chini, na Ukristo wako hautamshughulisha mtu baada ya chai ya kwanza. Mwambie shoga yako mapema akutumie mtu wa kukupokea jetini, kwa sababu mgeni peke yake pale huzongwa na wabeba mizigo na hajui nyumba iko upande gani. Na ukishuka basi Mokowe, kabla hujampigia mtu wa kukupokea, kabla hata ya bibi harusi, mpigie baba watoto.